Karte ya kupita mbio haitaki uongo

Creuseur anajua ile swali ya kuchokesha: "Unaikala wapi?" Leo eko Kasulo, mwezi yenye kuya eko Kambove, kisha anarudia Likasi kwa bibi na batoto. Haibe kitu ya mutu, anafwata kazi. Lakini mbele ya mukubwa wa karatasi, mutu asiye na fasi moja anaonekana kama mutu wa kuficha kitu.

Batoto betu bengine, ba kule Marekani, banapata swali ile ile. Beko na kazi ya ordinatere: miezi mbili Texas, mwezi moja Nairobi, Noeli hapa kwetu. Kazi yao iko mu sakoshi. Juu banasafiri sana, banataka karte ya Global Entry, ile yenye kusema "huyu tunamwamini". Unafika ku aeroporti ya Marekani, mashine inakupiga foto, unapita, bengine bakingali mu mulongo. Inalipwa dola 120, inadumu myaka 5, na feza hairudi hata bakikukatalia.

Sasa, formulere inaomba adresi zote, kazi zote na inchi zote za myaka 5 ya nyuma. Kisha kuko kuulizwa maswali uso kwa uso, na alama za vidole. Hapo njo bashauri banaanza: "Andika paka adresi ya yaya yako, bataamini." Mi nasema hapana. Kanuni iko wazi: uongo ao jibu ya nusu inatosha kukukatalia. Mutu wa kutembea hakukosa kitu. Aandike kila fasi aliikala, na tarehe yake. Kama anajitumikia mwenyewe, aandike vile. Abebe mikataba, fakture na karatasi za kodi. Na mwenye green card ajue tena hii: akiikala sana inje ya Marekani, anaweza kuipoteza, na Global Entry haitamuokoa.

Na siye ba huku? Tuseme wazi. Hii karte ni ya baraia ba Marekani, ya benye green card, na ya baraia ba inchi fulani zenye kupatana na Marekani. Pasiporti ya Kongo peke yake haifungue ule mulango, hata kijana akuwe mwaminifu namna gani, hata atumikie kampuni ya Marekani akiwa Lubumbashi. Mi naona ile si haki: banaamini pasiporti mbele ya kuamini mutu. Lakini kununua uongo hakuleti haki. Mutu akikuya mu lupango kukuuzisha "Global Entry ya Bakongomani", chunga feza yako ya shimo. Hata mwenye ruhusa anaiomba ye mwenyewe, ku site ya serikali ya Marekani.

Ya mwisho, bamama na bapapa, hii inatuangalia siye. Siku mwana anarudia, tunajaza valize: nyama ya pori, mbegu, samaki ya kukausha. Kisha tunamwambia: "Ku duane usiseme kitu." Ile neno njo hatari. Nyama ya pori imekatazwa kabisa, na chakula yote inapashwa kusemwa, hata ile yenye kuruhusiwa. Kuficha kunaweza kumuletea amende, na banaweza kumunyanganya ile karte. Mapendo yetu njo itamuangusha.

Papa alishuka mu shimo myaka mingi juu mwana asome. Tusipoteze ile jasho kwa kipande ya nyama. Mbele ya kufunga valize, tumuulize: "Ku duane utasema nini?" Kama jibu ni kweli, afunge, aende na baraka yetu. Kama si kweli, tutoshe ile kitu, tuikule siye hapa nyumbani.