Kusimama Siyo Kupona



Kipatimu ni nchi ya vilima. Anayekwenda kisimani, shambani au kanisani hupanda na kushuka, na wakati wa masika njia huteleza hata kwa kijana mwenye miguu mizima. Basi tumfikirie mzee aliyepatwa na kiharusi, ambaye mguu wake mmoja umelegea. Hospitalini alitembea juu ya sakafu ya saruji huku ameshikwa mkono. Nyumbani anakuta kizingiti, ua wenye mteremko, na choo kilicho mbali nyuma ya nyumba.

Mzee wa namna hiyo tuliwahi kumtembelea. Aliruhusiwa kutoka hospitali moja kwa sababu aliweza kusimama. Haikupita wiki mbili, alfajiri moja akaenda chooni peke yake, maana hakutaka kumsumbua mkewe aliyechoka kumuuguza. Akaanguka, akavunjika nyonga. Kiharusi kilikuwa kimemwachia uwezo wa kutembea. Kuanguka ndiko kulikomnyang'anya.

Ndiyo maana tunasema wazi: swali la "Je, anaweza kusimama?" halitoshi. Tuulize pia, "Akiyumba, anaweza kujirudisha?" Huo ndio uwezo tunaouita mizani ya mwili. Macho, sikio la ndani, na hisia za nyayo na viungo hupeleka habari kwenye ubongo, nao ubongo huamuru misuli ituweke wima. Kiharusi, yaani mshipa wa damu wa ubongo kuziba au kupasuka, huweza kuharibu mawasiliano hayo. Mtu anakuwa na nguvu kidogo mguuni lakini hajui uzito wake umeegemea wapi.

Wala tusidhani ugonjwa huu ni wa watu wachache. Uchunguzi uliofanywa nchini kati ya mwaka 2003 na 2006, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba, baada ya kulinganisha umri, wagonjwa wapya kwa mwaka walikuwa karibu 316 kwa kila watu 100,000 katika sehemu iliyochunguzwa ya Dar es Salaam, na karibu 109 katika wilaya ya Hai. Shinikizo la damu lisilotibiwa ni chanzo kikubwa. Siyo kurogwa, wala siyo upepo mbaya.

Mizani hupimwaje? Mwaka 1989 mtaalamu Katherine Berg na wenzake huko Kanada walitoa kipimo chenye majaribio 14: kukaa bila kuegemea, kuinuka kitini, kusimama umefumba macho, kuokota kitu chini, kugeuka, kusimama kwa mguu mmoja, na mengineyo. Kila jaribio hupewa alama kuanzia 0 hadi 4, na jumla kamili ni 56. Kadiri alama zinavyopungua, ndivyo tunavyopaswa kuogopa zaidi kuanguka. Kipimo kingine, cha mwaka 1991, ni kifupi zaidi: mgonjwa huinuka kitini, hutembea mita 3, hugeuka, hurudi na kukaa, huku saa ikihesabu sekunde. Vifaa vinavyohitajika ni viti, rula, kigoda cha kukanyagia na saa. Hakuna mashine ya kuagiza Ulaya.

Wako watakaosema kwamba wataalamu wa fiziotherapia ni wachache, hivyo kuandika alama ni kupoteza muda. Sisi tunaona kinyume. Kwa kuwa wao ni wachache, lazima kila dakika yao ielekezwe penye upungufu. Asiyepima huwapa wote zoezi lile lile. Nasi majumbani huishia kumchua mgonjwa kwa mafuta asubuhi na jioni, tukidhani hayo ndiyo matibabu. Kuchua humpa faraja, lakini hakumfundishi kusimama. Mwili hujifunza kusimama kwa kusimama: kuinuka kitini na kukaa mara nyingi, kuhamishia uzito upande uliolegea, kunyoosha mkono kufikia kitu, kupiga hatua pembeni akiwa karibu na meza nzito, na daima mtu mmoja akiwa upande wake dhaifu. Asivutwe kwa mkono uliopooza, maana bega huumia.

Hata hivyo, tusiwatwishe ndugu mzigo wote. Huko India, katika hospitali 14, wagonjwa 1,250 walishiriki katika utafiti wa kuwafundisha jamaa waendeshe mazoezi nyumbani. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha kwamba mpango huo haukuwapa wagonjwa nafuu zaidi ya huduma ya kawaida. Funzo tunalolipata ni kwamba upendo wa nyumbani hauchukui nafasi ya mtaalamu. Viende pamoja.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, mgonjwa wa kiharusi asiruhusiwe kurudi nyumbani kabla mizani yake haijapimwa na alama kuandikwa katika kadi yake. Pili, ndugu atakayemwuguza aitwe siku hiyo, aonyeshwe mazoezi, naye ayafanye mbele ya mtaalamu. Tena aulizwe habari za kizingiti, mteremko na choo. Tatu, kipimo kirudiwe kila mwezi. Wahudumu wa zahanati wafundishwe kile kipimo kifupi, ili mgonjwa asisafiri siku nzima kwa ajili ya kuhesabiwa sekunde. Alama zikishuka, apelekwe mbele.

Nasi katika jumuiya ndogondogo tuna kazi. Tunaweza kufunga ubao wa kushikilia kuelekea chooni, kusawazisha njia, kumkumbusha dawa za presha, na kupeana zamu ili mke au binti apumzike. Yule mzee asingeondoka peke yake alfajiri ile kama jirani mmoja angelala pale kwa zamu.

Injili inatusimulia habari za mtu aliyepooza, aliyeshushwa kupitia darini na watu wanne. Mmoja peke yake asingeweza kumbeba. Nyumba ya jirani yenye mgonjwa wa kiharusi inawangoja wanne wake.