Atomu Katika Pamba ya Lalago

Mzazi wa Lalago aliyelima pamba miaka yote huona haya mwanawe wa sekondari anapomwuliza habari za atomu, kwa kuwa somo lenyewe hufundishwa kwa Kiingereza. Twasema asione haya. Mfano anao shambani.

Uzi wa pamba umejengwa kwa atomu za kaboni, haidrojeni na oksijeni. Waarabu wa leo huiita atomu dharra, neno lisilo geni kwa mtoto wa madrasa. Katikati yake mna kiini chenye protoni, ambazo zina chaji chanya, na nyutroni zisizo na chaji (haidrojeni ya kawaida haina nyutroni). Nje ya kiini zimo elektroni, zenye chaji hasi. Idadi ya protoni ndiyo huamua atomu ni ya kitu gani: 1 ni haidrojeni, 6 kaboni, 8 oksijeni, dhahabu ya Geita ina 79. Kwa hiyo kaboni ya pamba na ya mkaa wa jikoni ni ile ile, ila zimeungana kwa namna mbalimbali.

Wanafunzi wengi hukariri majina matatu wakaiacha hesabu. Mzazi na aulize: kiini cha kaboni kikiongezewa protoni moja, huwa nini? Jibu ni naitrojeni. Mtoto akishindwa, wafungue kitabu pamoja kabla ya Isha.