Alan Page: Uwanja na Kitabu

Aghalabu mwanamichezo husifiwa kwa misuli yake, nayo akili yake ikaachwa bila kutajwa. Dhana hii ni potovu, na maisha ya Alan Page yanaikanusha. Page, aliyezaliwa Canton, Ohio, mwaka 1945, aliichezea Minnesota Vikings katika safu ya ulinzi ya futiboli ya Marekani. Kazi yake ilikuwa kuvunja ngome ya wapinzani na kumwangusha mrushaji kabla hajautupa mpira. Mwaka 1971 alitangazwa mchezaji bora wa ligi, heshima ambayo mlinzi hakuwa amewahi kuipata.

Hakuridhika. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Minnesota, akahitimu mwaka 1978 angali mchezaji. Mwaka uo huo Vikings walimwacha, kwa kuwa mbio ndefu zilikuwa zimempunguza uzito. Mtu kupimwa kwa kilo, kama gunia la mahindi! Chicago Bears walimchukua, naye akacheza hadi 1981.

Alipoingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huo mwaka 1988, hotuba yake ilihusu elimu. Aliwakumbuka wachezaji wenzake waliopitia vyuoni ilhali kusoma kitabu cha mbinu za timu kuliwashinda. Lawama hapo si ya wachezaji hao hata kidogo. Ni ya vyuo vilivyoitumia miili yao vikawanyima maarifa. Page mwenyewe aliketi katika Mahakama ya Juu ya Minnesota tangu 1993 hadi 2015, akiwa jaji mweusi wa kwanza mahakamani humo.