Kampuni Isiyo na Hata Nguzo Moja

Wadau, Jumamosi iliyopita nilikuwa Sinza na jamaa zangu watatu, wote wasomi, tunasubiri kuku wa kuchoma. Mazungumzo yakaangukia kwenye umeme, kama kawaida yetu. Mmoja wetu alisoma Uingereza mwaka mmoja tu na bado anautumia mwaka huo kama cheti. Akasema dawa ya Tanesco ni ushindani, basi. Eti kule ukichoka na kampuni yako unashika simu na kuhama kabla chai haijapoa. Eti vijana wawili wanafungua kampuni ya umeme na gesi, na baada ya miaka michache wana wateja zaidi ya milioni. Wenzangu wakaitikia. Nikaahidi kumjibu hapa, maana pale muziki ulikuwa na sauti kubwa kuliko hoja.

Haya, nimekuja.

Kampuni anayoisifia inaitwa Bulb. Ni kweli ilianzishwa London mwaka 2015 na vijana wawili, Hayden Wood na Amit Gudka. Ni kweli ilikua kwa kasi ya ajabu, hadi ikapata wateja kama milioni 1.7. Ilikuwa na bei moja tu badala ya utitiri wa vifurushi, ikaahidi umeme wa upepo na jua, na ukimleta rafiki yako mnapewa pauni 50 kila mmoja. Nani angekataa? Hata mimi ningeleta ukoo mzima.

Ila jamaa yangu hajawahi kuuliza swali moja: Bulb ilikuwa na nini? Bwawa haikuwa nalo. Wala mtambo, wala bomba, wala nguzo hata moja. Uingereza waya na mabomba ni mali ya kampuni nyingine kabisa, na anayekuletea bili ni muuza rejareja tu. Ananunua umeme na gesi kwa bei ya jumla, anaongeza chake, anakukata kila mwezi. Kwa Kiswahili cha Kariakoo huyo anaitwa dalali. Sina ugomvi na udalali, ni kazi halali. Ugomvi wangu ni kumwita dalali mkombozi.

Sasa tuangalie dalali asiye na mtaji anakuaje. Kule wateja wengi hulipa kiasi kile kile kila mwezi, mwaka mzima, kupitia benki. Kiangazi wanatumia gesi kidogo kwa sababu hawawashi mashine za kupasha nyumba joto, lakini malipo hayapungui. Kwa hiyo ikifika Septemba kampuni imekalia fedha nyingi za wateja ambazo bado hazijatumika. Kwa makampuni mengi madogo fedha hizo ndizo ziligeuka mtaji. Mteja alidhani amepata punguzo, kumbe anaikopesha kampuni bila riba wala mkataba wa mkopo. Na kadiri unavyovuta wateja wapya ndivyo unavyokusanya za mapema zaidi, kwa hiyo huruhusiwi kusimama. Upatu, au siyo? Tofauti ni kwamba kwenye upatu wa akina mama mtaani kwetu kila mtu anajua fedha ziko kwa nani.

Mwaka 2021 bei ya jumla ya gesi ikapaa. Aliyekuwa amenunua mapema kwa bei iliyofungwa alipumua. Aliyekuwa ananunua kwa bei ya siku alikwama, kwa sababu tangu Januari 2019 serikali ilikuwa imeweka ukomo wa bei kwa wateja wa majumbani, na wakati huo ukomo ulibadilishwa mara mbili tu kwa mwaka. Unanunua ghali leo, unauza kwa bei iliyopangwa miezi mingi nyuma. Hesabu hiyo hata muuza karanga anaijua. Kuanzia Julai mwaka huo hadi katikati ya 2022 yalianguka makampuni 29, yenye wateja karibu milioni nne. Bulb ilianguka Novemba 2021. Ilikuwa kubwa mno kukabidhiwa kwa kampuni nyingine kwa usiku mmoja, serikali ikabidi iiendeshe kwa fedha za walipakodi hadi Desemba 2022 ilipochukuliwa na Octopus. Na kwa sehemu ya kipindi hicho bwana Wood aliendelea kulipwa mshahara wa pauni 250,000 kwa mwaka. Niseme ukweli wote: baadaye bei zilishuka na fedha za serikali zilizoingia Bulb zikarudishwa. Hiyo ilikuwa bahati ya soko, si busara ya mtu.

Makampuni 28 mengine je? Mkaguzi mkuu wa hesabu wa kule alipiga hesabu mwaka 2022 akapata pauni bilioni 2.7, zinazogawanywa kwenye bili za watu wote. Pauni 94 kwa kila nyumba. Hapo ndipo damu yangu inapochemka. Ajuza ambaye hajawahi kuhama kampuni tangu enzi za Thatcher, asiyejua programu za simu, alilipia punguzo la vijana wa London waliokuwa wakigawiana pauni 50.

Kuna atakayesema tatizo ni tamaa ya mtu binafsi. Basi amuulize mkazi wa Nottingham. Halmashauri ya jiji hilo ilifungua kampuni yake, Robin Hood Energy, mwaka 2015 kwa nia njema kabisa ya kuwasaidia maskini. Mwaka 2020 wateja wake walipelekwa British Gas na jiji likabaki na hasara ya mamilioni. Duka lisilo na bidhaa yake halipati nguvu kwa kubadilisha jina la mwenye ufunguo.

Na Octopus yenyewe, iliyoanza kuuza mwaka 2016 na sasa ndiyo kubwa kuliko zote Uingereza? Hiyo ilizaliwa na kampuni ya uwekezaji yenye mfuko mnene, mwaka 2020 ikauza asilimia 20 kwa Origin ya Australia, na ilijenga programu ya kompyuta iliyowakodisha hata washindani. Ni hadithi nzuri, lakini si ya vijana wawili na simu.

Sisi waandishi tuna dhambi yetu hapa. Nimewahi kuandika habari ya kampuni changa nikaweka idadi ya wateja kwenye kichwa cha habari, bila kuuliza hata mara moja kama inapata faida. Mhariri alifurahi. Nami nilifurahi.

Turudi nyumbani. Tumeshawahi kubadilisha mwenye ufunguo. Mwaka 2002 Tanesco ilikabidhiwa menejimenti ya Net Group Solutions ya Afrika Kusini, makusanyo yakapanda, mitambo mipya haikupanda nayo, na ukame wa 2006 ukatukuta gizani. Mimi si mtetezi wa Tanesco. Mwenye hoja ya kuleta wazalishaji wengi, nipo naye. Mwenye hoja ya kutenganisha uzalishaji na usambazaji, tukae tuongee. Lakini anayetaka wauza bili kumi wagombanie waya mmoja aniambie kwanza fedha zangu zitakaa wapi, na wakifa nani atawazika.

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaishi Leeds. Kampuni yake, mojawapo ya hizo ndogo, ilikufa akiwa usingizini. Asubuhi akakuta barua pepe inamwambia sasa ni mteja wa kampuni nyingine, kwa bei nyingine. Juzi nilimpigia nikamuuliza kama atahama tena akiahidiwa pauni 50.

"Waongeze," akasema. "Mia naweza kufikiria."