Kumbukumbu za kahawa Karagwe, Kyerwa zisilale chini ya paa moja

SAA 9:27 alasiri ya Jumamosi, Septemba 10, 2016, ardhi ilitikisika mkoani Kagera. Tetemeko hilo la ukubwa wa 5.9 liliua watu wasiopungua 16, likabomoa nyumba nyingi na kuharibu majengo ya umma, yakiwamo ya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato.

Tukio hilo liliacha swali ambalo bado linadai jibu: jengo linapoanguka, kumbukumbu zilizomo ndani yake zinabaki wapi?

Kwa wilaya za Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, swali hilo linagusa mfuko wa mkulima. Kahawa hukusanywa na vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS), vilivyo chini ya Chama Kikuu cha Ushirika cha Karagwe (KDCU). Mkulima anapokabidhi kahawa na kusubiri malipo, haki yake yote imo katika kumbukumbu ya kilo alizopeleka. Ikipotea, hana cha kudaia. Aliyepoteza imani na ushirika ndiye anayenaswa kirahisi na butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa.

Vitabu vya karatasi vinapoiachia kompyuta nafasi yake, hatari haiondoki. Septemba 26, 2025, moto ulizuka katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon, Korea Kusini. Hifadhi ya nyaraka za watumishi wa serikali yenye terabaiti 858 iliteketea, na haikuwa na nakala mahali pengine. Ikiwa taifa lililoendelea hivyo liliteleza, ofisi yenye kompyuta moja ina sababu zaidi ya kujihadhari.

Kinga inayojulikana ni kurudufisha data katika seva zaidi ya moja, zilizo mbalimbali. Nakala moja ikae wilayani, nyingine nje kabisa ya Kagera, kwa kuwa tetemeko moja laweza kuzifikia Kayanga na Bukoba kwa pamoja. Ile ya karibu nayo isidharauliwe: Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota nchini. Anayetegemea nakala ya mbali pekee angekwama siku hiyo.

Hata hivyo, kurudufisha peke yake hakutoshi. Seva zinazonakiliana papo hapo hunakili pia makosa: karani akifuta jina la mkulima, linafutika kote. Ndiyo maana zinahitajika pia nakala za jana na za wiki iliyopita, zisizoguswa, na kuzijaribu mara kwa mara kama zinafunguka.

Wanachama wa ushirika wamezoea kuuliza bei na makato katika mikutano yao. Umefika wakati waulize pia nakala ya kilo zao iko wapi, na ni lini ilifunguliwa kwa majaribio mara ya mwisho.