Mama na Biashara: Tumjue mnunuzi mbele ya kutengeneza sabuni

Juma lililopita tuliongea juu ya daftari ya hesabu. Leo tunajibu ulizo ambalo vikundi vingi vinatuletea: "Sabuni yetu ni nzuri, lakini haitoki. Tufanye nini?"

Vikundi vingi vya wamama huku kwetu vinatengeneza sabuni ya mawese. Feza za kuanza zinatoka katika likelemba ao katika sanduku la kikundi. Sabuni ikilala, feza hizo zinalala pamoja nayo, na mwezi wa 9 watoto wanarudi shuleni bila daftari.

Methali inasema: "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Ni kweli, lakini chema kinajiuza mara ya pili, kwa mtu aliyekwisha kukitumia. Mara ya kwanza ni sisi tunapaswa kukiuza. Walimu wa biashara wanaita kazi hiyo maketingi. Mwaka 1960, Jerome McCarthy, mwalimu wa Marekani, aliipanga katika mambo 4 ambayo yanafundishwa mpaka leo: kitu chenyewe, bei, mahali, na kutangaza. Na nyuma ya mambo hayo 4 kuna ulizo moja: mnunuzi wetu ni nani?

Kusema "watu wote" si jibu. Mama mwenye watoto wa shule anafikiri juu ya mashati meupe. Anafua siku ya posho ili Siku ya Kwanza watoto waende safi. Mama anayepika chakula cha kuuza anaosha sahani kila siku. Anataka kipande kikubwa kinachotoa mafuta. Msichana anayetaka sabuni ya kuoga anainusa kwanza. Sabuni moja haiwezi kuwapendeza wote 3. Kikundi kichague mmoja, kisha kipange yale mambo 4 kwa ajili yake.

1. Kitu chenyewe

Tuseme tumechagua mama wa mashati meupe. Yeye hanunui sabuni tu, ananunua shati safi na mikono isiyouma. Kwa hiyo sabuni isitoke nyumbani mbichi. Ile inayotengenezwa bila moto ikae majuma 4 hivi mahali penye hewa, ikomae na kukauka. Inayouzwa mapema inachoma ngozi na inaisha upesi ndani ya maji. Mama huyo hatarudi, na majirani watasikia. Vipande vyote viwe na uzito mmoja. Asiyepata sawa na mwenzake anajisikia ameibiwa.

2. Bei

Hapa ndipo vikundi vingi vinaanguka. Tuchukue mfano, kila kikundi kiweke bei za kwake. Bidoni ya mawese ya litre 20: franga 90.000. Soda kostiki: 18.000. Usafiri: 6.000. Kodi ya soko: 3.000. Harufu: 2.000. Karatasi: 1.000. Jumla ni franga 120.000. Tunapata vipande 100. Kila kipande kimetugharimu franga 1.200. Tukiuza 1.500, tunaingiza 150.000, na faida ni 30.000.

Sasa tuangalie vizuri. Kama wamama 3 walifanya kazi hiyo, kila mmoja anapata 10.000 kwa siku zote za kukoroga, kukata na kukaa sokoni. Kuuza 1.300 kwa sababu jirani anauza 1.300 ni kutumika karibu bure.

Tena, soda inatoka inchi za nje na bei yake inafuata dola. Dola ikipanda, tusihesabu kwa feza tuliyonunulia soda ya zamani. Tuhesabu kwa feza itakayotakiwa kununua nyingine. Kama sivyo, tutauza vyote, tutacheka, na tukifika kwa mwenye duka la soda tutakuta feza haitoshi.

Na mama asiye na franga 1.500 leo? Wengi wanaishi kwa feza ya siku. Tukikata kipande mara 3 na kuuza 500 kila kimoja, tunamfikia, na noti ya 500 haitafuti chenji. Lakini vipande hivyo 3 viwe sawasawa na kile kizima. Kupunguza kwa siri ni wizi, na mama anayefua kila juma anajua sabuni yake inapaswa kumaliza nguo ngapi.

3. Mahali

Katika soko kubwa kama Kadutu, sabuni yetu inakaa kando ya sabuni za kiwanda, na kwa mwenye depo bei inaweza kushuka kuliko yetu. Kushindana naye kwa bei ni kazi bure. Twende pale ambapo yeye hafiki: karibu na robine ambapo wamama wanachota maji, kwenye mto ambapo wanafua, kwenye butike ndogo ya mtaa. Mwenye butike naye apate kitu. Tukimpa kwa 1.400 auze 1.500, faida yetu kwa kipande ni 200, lakini mwanamke mmoja wa kikundi ameokoa siku nzima ya kukaa sokoni. Kila kikundi kipime kama inafaa.

4. Kutangaza

Si kupiga kelele. Tukifua shati moja jeupe lenye madoa mbele ya wamama kwenye robine, hilo linasema kuliko maneno mengi. Tufunge kila kipande katika karatasi yenye jina la kikundi, ili aliyeipenda ajue namna ya kuiomba tena. Na tusiahidi yasiyo ya kweli: sabuni ya kufulia si dawa ya ngozi ya mtoto.

Na deni?

Turudi katika hesabu yetu. Faida yote ni franga 30.000, maana yake vipande 20. Wadeni wa vipande 20 wasipolipa, tumetumika bure. Kipande cha 21 kinaanza kula mtaji, ule uliotoka katika likelemba ya wote. Tunajua ni vigumu kumnyima shemeji ao mama mkwe. Basi kikundi kiweke sheria siku ya mkutano, ili muuzaji aweze kusema kwa heshima: "Mama, sabuni si yangu, ni ya kikundi. Wenzangu wamekataza deni. Uchukue kile cha 500 kwa leo." Mbele ya sheria ya wote, hakuna anayeweza kusema mama fulani ana roho mbaya.

Kazi ya juma hili

Mbele ya kununua bidoni nyingine, kila mwanamemba aulize wamama 5 wa mtaa wake, wasio wa kikundi: Unanunua sabuni gani? Siku gani, na kwa franga ngapi? Nini hakikupendezi katika hiyo? Asiwaambie kwanza kama anauza, ili wajibu bila haya. Kikundi cha watu 10 kitapata majibu 50. Muyaandike katika daftari na kuyasoma pamoja kwenye mkutano. Ikiwa wengi wanasema wananunua ya 500 siku ya posho, mumekwisha kujua mukate namna gani na siku gani musimame kwenye robine.

Wanaouza unga, sambaza kavu ao makala, hesabu ni ileile; mubadilishe majina ya vitu tu. Juma lijalo tutaongea juu ya namna ya kugawa faida bila kuvunja kikundi.