Nilivyomsoma Mume Wangu Machoni

Mwezi huu naanza na aibu yangu mwenyewe. Mwaka jana nilimwita mume wangu mwongo, mezani, wali haujapoa. Ushahidi pekee niliokuwa nao ni kwamba macho yake yaliangalia juu, upande wake wa kulia.

Usicheke. Nilikuwa nimetoka kwenye semina ya siku mbili ya NLP, ile elimu ya kupanga upya fikra kwa kutumia lugha. Tulifundishwa mengi. Ukitaka mtu akuzoee haraka, kaa anavyokaa, ongea kwa kasi yake. (Nilimjaribia bosi wangu. Alipokunja mikono nikakunja, alipojikuna shingo nikajikuna, mpaka akauliza kama ofisini kuna mbu.) Tukaambiwa tubane kidole gumba na cha shahada huku tukikumbuka siku tuliyong'ara, ili ukija kubana siku ya usaili ujasiri ule urudi. Hiyo bado naitumia, ingawa nashuku kinachonisaidia ni ile kuvuta pumzi kwanza.

Lakini kilichoniteka ni macho. Eti mtu akiangalia juu kulia anatunga, akiangalia juu kushoto anakumbuka. Nani asingeitaka silaha hiyo ndani ya nyumba?

Basi, mwisho wa mwezi ukafika, shilingi 300,000 hazionekani. Nikamuuliza. Akasema amemkopesha mfanyakazi mwenzake, mama yake kalazwa. Macho juu, kulia. Nikamwambia, "Unadanganya."

"Umejuaje?"

Nikamjibu, bila hata kupepesa, kwamba nimesomea.

Siku nne hatukusemeshana zaidi ya "funguo ziko wapi". Jumamosi tukasikia hodi. Kijana kasimama mlangoni na mfuko wa machungwa, na bahasha yenye nusu ya hela. "Shemeji, mmeniokoa," akaniambia. Mwenzenu nilitamani ardhi ipasuke. Nikakimbilia jikoni kumenya machungwa ambayo hakuna aliyeyaomba. Mume wangu hakusema neno. Angesema ningepata nafuu.

Usiku huo ndipo nilipofanya nilichopaswa kufanya kabla ya kulipia semina: nikasoma. Kumbe mwaka 2012 Richard Wiseman na wenzake walichapisha kwenye jarida la PLoS ONE matokeo ya kulipima suala hilihili. Macho ya waongo na ya wasema kweli hayakufuata kanuni hiyo, na hata watu waliofundishwa mbinu hiyo hawakuwatambua waongo vizuri kuliko wasiofundishwa.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. NLP ilianza miaka ya 1970 kwenye Chuo Kikuu cha California, kule Santa Cruz. John Grinder alikuwa mwalimu wa isimu, Richard Bandler mwanafunzi. Walichunguza jinsi washauri nasaha kama Virginia Satir na Fritz Perls walivyozungumza na wateja wao, na mwaka 1975 wakatoa kitabu kiitwacho The Structure of Magic. Kiini chake ni maswali. Mteja akisema "hakuna anayenijali", anaulizwa: hakuna hata mmoja? Akisema "siwezi", anaulizwa: nini kinakuzuia? Na akisema anajua mwenzake anawaza nini, anaulizwa: umejuaje?

Umejuaje! Yaani mume wangu, ambaye hakulipa hata senti ya semina, ndiye aliyeuliza swali lenyewe.

Tangu hapo macho nimeyaacha, nimebaki na maneno, tena yangu kwanza. Wiki nzima nilijisikiliza tu. "Kila siku mimi ndiye nakumbuka luku." "Hujawahi kunisikiliza." "Nyie wanaume ndivyo mlivyo." "Najua unaona mapishi yangu hayafikii ya mama yako." Jamani, nilijichosha mwenyewe! Na luku, nilipopiga hesabu, mwezi ule yeye alinunua mara tatu, mimi mara mbili.

Ila nakuonya, swali hilo usimrushie mwenzio katikati ya ugomvi. Nimejaribu. Aliposema simwachii nafasi hata kidogo, nikamuuliza, "Hata kidogo? Una uhakika?" kwa ile sauti ya wakili mahakamani. Ugomvi uliokuwa unaisha ukaanza upya, na mwenye kosa nikawa mimi. Mwenzio muulize mkiwa mnakunywa chai, na uwe kweli unataka jibu. Wakati wa hasira jiulize mwenyewe, kimoyomoyo, kabla mdomo haujafunguka.

Alhamisi iliyopita alirudi saa nne usiku. Nilikuwa nimeshaiandaa sentensi yangu, inaanza na "Kila siku". Nikahesabu haraka haraka: Jumatatu alifika kabla yangu, Jumanne tulirudi pamoja, Jumatano ndiye aliyempikia mtoto uji.

"Leo umechelewa," nikasema.

Akavua viatu, akakaa. "Gari limenizimikia Ubungo, simu nayo haina chaji. Chakula kipo?"

"Kipo. Kimepoa."

"Lete hivyohivyo, mke wangu."